Mama Anapita na Yesu

Germana hajui kukaa. Ukimkaribisha chai anainywa amesimama mlangoni, jicho liko njiani. Ukienda kumtembelea utaongea na mgongo wake, maana muda huo anachambua maharage, anafukuza kuku, anatafuta kisu ambacho amekishika mwenyewe. Mimi ni jirani yake, mashamba yetu yametengwa na minyaa tu, na kwa miaka yote ya ujirani sijamwona akimaliza kikombe. Nilishamwambia kwamba siku akifa itabidi tumfunge kamba ili atulie kwenye jeneza. Alicheka, lakini alicheka huku anatembea.

Sisi tunaishi juu ya Karatu, upande ule ambao njia ya vumbi jekundu inapanda kuelekea msitu wa Ngorongoro. Chini kuna lami na magari ya watalii yanayokimbilia getini. Huku juu kuna mahindi, mbaazi, na kigango chetu kidogo ambacho bati lake lina rangi upande mmoja kwa sababu rangi iliisha. Germana ni mhudumu wa Ekaristi wa kigango hicho. Misa ikiisha, padre anamkabidhi Hostia, ule mkate mtakatifu wa komunyo, ndani ya kikopo kidogo cha rangi ya dhahabu, naye anakitia kwenye mfuko mweupe, anauvaa shingoni, anajifunika kanga na kuanza safari ya kwa wagonjwa na wazee wasioweza kufika kanisani. Mimi namsindikiza na mshumaa na kitambaa cha mezani. Mshumaa nauwasha tukishaingia ndani, maana upepo wa huku hauna dini.

Akiwa amebeba Ekaristi, Germana hamsalimii mtu. Marehemu katekista Remigius ndiye aliyetufundisha hivyo tulipokuwa wasichana wa komunyo ya kwanza. Alisema ukiwa na mgeni mkubwa namna hiyo kifuani huwezi kusimama njiani kuulizia habari za ndama. Padre Leonce, paroko wetu wa sasa, ambaye bado kijana, ameshasema zaidi ya mara moja kwamba kumsalimu mtu kwa heshima si dhambi, na kwamba Yesu mwenyewe alikuwa mtu wa watu. Germana anamsikiliza, anasema, "Ndiyo, Padre," halafu anaondoka kimya kama kawaida yake.

Kwa watu wa mjini labda hilo ni jambo dogo. Huku kwetu mtu anayepita bila kusalimu ni mwizi, au mchawi, au amepata msiba sasa hivi. Na salamu yetu si ya neno moja. Inaanza na wewe, inakwenda kwa watoto, ng'ombe, mvua, miguu ya mama mkwe, na kila jibu linazaa swali. Basi watu ilibidi wamzoee. Wakimwona anapanda na kanga imefungwa hadi shingoni wanaambiana, "Mama anapita na Yesu," wanaume wanavua kofia, wengine wanapiga goti hapo hapo kwenye vumbi. Tukirudi, mfuko ukiwa mtupu, ndipo anawasalimu wote aliowaruka, mlango kwa mlango. Ndiyo maana kurudi kwetu kunachukua muda mrefu kuliko kwenda.

Wote, isipokuwa Sabina.

Sabina ni wifi yake, dada wa marehemu mume wake, Piusi. Nyumba yake iko kwenye kona, na huwezi kufika kwa wazee wa juu bila kupita mbele yake. Tukipanda, Sabina anatoka na kupiga goti kando ya njia, ameinamisha kichwa. Anampigia goti Bwana, hampigii Germana, na nadhani alitaka tulijue hilo. Tukishuka, Germana anahamia upande wa pili wa njia na kuangalia mahindi ya watu kana kwamba anataka kuyanunua.

Chanzo kilikuwa mazishi ya Piusi. Kabla kaburi halijajaa udongo, Sabina alisimama mbele ya watu wote na kupiga kelele, "Germana, umemwacha kaka yangu aondoke na njaa!" Hakuwa anazungumzia ugali. Sisi Wakatoliki tunajua kwamba mtu anayekufa anapewa komunyo ya mwisho, chakula cha ile safari ambayo hakuna anayemsindikiza. Piusi aliugua tumbo kwa majuma kadhaa, alikonda mbele ya macho yetu, na padre hakuitwa. Alikufa hajapokea. Nyumba ya mapadre iko hapo chini tu, hata kwa mguu unafika. Tulimtazama Germana tukisubiri ajibu. Akachukua koleo kwa kijana mmoja na kuanza kutupia udongo.

Mwaka uliofuata aliomba kuwa mhudumu wa Ekaristi, na tangu hapo mgonjwa akikohoa tu, Germana yuko mlangoni. Mvua, matope, tembo waliotoka msituni na kukanyaga mahindi, havimzuii. Anakwenda mbio, na ukimwambia punguza mwendo anakuangalia kama vile wewe ndiye uliyemchelewesha kwa Piusi.

Mimi sina tabia ya kuficha la moyoni. Siku moja nilimwuliza, "Germana, unakomunika kila Jumapili na wifi yako humsalimii. Huogopi?" Katika kanisa letu hilo ndilo swali la kwanza. Kuna watu wamekaa kwenye benchi miaka mingi wenzao wakipanga foleni ya komunyo, kisa hawasalimiani na jirani kwa sababu ya mbuzi. Alinijibu, "Naogopa, Mama Inosenti," kisha akaongeza mwendo. Niliudhika. Niliona kwamba ile sheria ya Remigius imemfaa sana, kwamba amepata maficho mazuri nyuma ya Yesu.

Sasa ikatokea Jumapili moja tukakutana na Moringe. Huyu ni Mmasai wa Nainokanoka, kule juu ndani ya hifadhi, alikuwa ameshuka kununua mahindi. Alimwona mama mtu mzima akasimama vizuri, akaegemea fimbo yake na kusema, "Yeyo, takwenya!" Mama anayesalimiwa hivyo anapaswa kuitikia, "Iko," hata sisi Wairaqw tunajua. Germana akapita. Moringe akarudia kwa sauti zaidi. Germana akazidi kwenda. Yule bwana akanigeukia mimi, uso umejaa wasiwasi.

"Huyu mama anaumwa? Au nimemkosea nini?"

"Hujamkosea. Amembeba Mungu."

Alimtazama Germana anavyoishia kwenye kona. "Mungu gani anakataza salamu?"

Nikaongeza mwendo nimfikie Germana. Moringe alitufuata mpaka kwa mgonjwa, akakaa nje kwenye gogo na kungoja. Germana alipotoka, mfuko ukiwa mtupu, alikwenda moja kwa moja mbele yake akasema, "Iko!" Moringe alicheka mpaka akapangusa macho. Halafu akasema habari ya mama yake, Seenoi. Alikuwa amebatizwa uzeeni, miguu imekataa, kanisani hafiki tena. "Huyo Mungu wenu anatembea," alisema. "Basi atembee afike na kwa mama."

Tulikwenda na gari la padre, tukapita getini, tukazunguka ukingo wa kreta ndani ya ukungu mzito hata dereva alikuwa anaendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha. Tulimkuta Seenoi amekaa karibu na moto, shuka mbili mabegani. Padre alisali, Moringe akitafsiri. Germana akapewa ruhusa amkomunishe. Seenoi alipokea Hostia kiganjani, akaitazama, lakini hakuitia kinywani. Akasema jambo kwa Kimaasai.

"Anauliza mbona ni yake peke yake," alisema Moringe. "Ninyi hamli?"

"Tumeshakula kwenye Misa," padre alijibu.

"Anasema hajazoea kula huku watu wanamtazama. Wenzake wako wapi?"

Padre Leonce alichuchumaa mbele ya yule bibi. Alimwambia kwamba mkate huu hakuna anayeula peke yake. Kila aliyeula, popote alipo, aliye hai na aliyekufa, amekula pamoja naye, kwa sababu ni mwili mmoja, na ukiupokea umewapokea wote waliomo. Seenoi alifikiri, akauliza tena.

"Anasema, hata wale anaogombana nao?"

"Hao hasa," alisema padre.

Yule bibi akanung'unika kidogo, halafu ndipo akatia Hostia kinywani. Moringe alikuwa anacheka chinichini, tukamlazimisha atafsiri. "Amesema kama ni hivyo, itabidi ale polepole."

Sote tulicheka isipokuwa Germana. Kwenye gari tukirudi hakusema neno, ingawa mfuko ulikuwa mtupu. Kuanzia hapo hali yake ikawa mbaya zaidi. Nilimwona jioni kadhaa ameshika njia ya kwenda kwenye ile kona ya Sabina, anafika kwenye mti mkubwa wa mgrevilea, anasimama, anajipapasa kama amesahau kitu, anageuka. Usiku taa yake ilikuwa inahama chumba hadi chumba. Nilimwambia nenda ukamsalimu yaishe. Akasema, "Wewe hujui kinachokuja baada ya salamu." Nikaona ananiletea mafumbo, nikanuna.

Baridi ya Julai ilipokuja, Sabina akashikwa na kifua. Hospitali walimlaza, wakamrudisha nyumbani, na alirudi amekuwa mdogo, anavuta pumzi kwa kelele. Mkwe wake, Eva, alikuja asubuhi kwa Germana anahema. Mama anataka komunyo. Padre amesafiri Mbulu kwenye mkutano. "Tafadhali, Mama," alisema Eva, "hali si nzuri."

Germana alikwishavaa viatu kabla Eva hajamaliza. Tulipita kigangoni, akafungua tabernakulo, kile kisanduku cha kutunzia Ekaristi, akapiga goti, akachukua kikopo. Njiani hakumsalimu mtu, na safari hii hata mimi niliona afadhali, maana nisingejua la kuwaambia watu.

Sabina alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Nilitandika kitambaa, nikawasha mshumaa. Germana akafungua kitabu na kusoma mwanzo wa ibada kama ulivyo, kwamba amani iwe katika nyumba hii na kwa wote wanaokaa ndani yake. Alisoma akiangalia karatasi.

"Hiyo ni salamu ya Yesu," alisema Sabina. Sauti ilikuwa nyembamba lakini kila mtu aliisikia. "Yako iko wapi?"

Germana alifunua ukurasa uliofuata.

"Mama, jamani," alisema Eva.

"Sipokei kwenye mkono usionisalimu. Kama nitakwenda hivi hivi, niacheni niende." Akaanza kukohoa, na kilikuwa kikohozi ambacho ukikisikia unatafuta mahali pa kujificha. Kilipoisha alifunga midomo kabisa na kugeukia ukutani.

Niliwaza Piusi. Niliwaza kwamba mtu wa pili wa ukoo ule anataka kufa hajapokea, na safari hii Hostia iko hapo hapo chumbani, hatua moja kutoka kitandani. Nilitaka kumpiga Germana kibao. Nilitaka kumpiga na Sabina pia, Mungu anisamehe, na ugonjwa wake.

Germana aliweka kitabu chini. Akakivua kile kikopo shingoni, akakilaza juu ya kitambaa, akapiga goti mbele yake kwa muda mrefu. Halafu akasimama, akavuta kigoda hadi kitandani, akakaa.

"Umeamkaje, wifi?"

Sabina aligeuka polepole. "Nimeamka vibaya."

"Kifua?"

"Kinabana."

"Umelala?"

"Sijalala. Na wewe?"

"Silali siku hizi."

"Mahindi yako?"

"Ya juu yamepigwa na baridi. Wajukuu zako?"

"Wapo."

Salamu ikaenda hivyo, moja baada ya nyingine, miaka yote ile ya deni la salamu ikilipwa kwa sauti ya chini, na mimi nimeshika kiberiti nalia kama mjinga. Waliulizana habari za ng'ombe ambao walishakufa zamani. Kisha maswali yote yakaisha, likabaki lile moja.

"Kwa nini hukumwita padre?" aliuliza Sabina.

Mikono ya Germana, ambayo sijawahi kuiona imetulia, ilikuwa imetulia mapajani. Alimtazama wifi yake usoni.

"Nilichelewa, wifi. Nisamehe."

Sabina akalia, na Eva akalia. "Nimekusamehe," alisema Sabina. "Basi nipe." Germana akainuka, akaosha vidole, akasali nasi Baba Yetu, akainua Hostia. Sabina alisema Amina na kupokea, na uso wake ulilegea mpaka nikauona tena ule uso wa msichana niliyesoma naye.

Tulipotoka, Germana hakusalimu nyumba hata moja. Alikaa kwenye ukingo wa njia, miguu mtaroni. Nami nikakaa, kwa mshangao tu.

"Piusi ndiye aliyekataa," alisema.

"Alikataa nini?"

"Padre. Unakumbuka Sabina alivyomtukana kwa ajili ya wale ng'ombe walioingia kwenye maharage yake? Alimwambia mbele ya majirani kwamba si mtoto wa baba yake."

Nilikumbuka. Tulilicheka wakati ule, tukidhani litapita.

"Hakumsalimu tena. Alipoumwa nikamwambia nimwite padre, akasema atapokeaje mwili wa Bwana na dada yake hamsalimii. Nikasema basi nimwite Sabina. Akanikataza. Akasema akipata nguvu atakwenda kwa miguu yake, asionekane ameletwa na ugonjwa. Kila siku kesho." Alikuwa anang'oa majani ya ukingoni na kuyatupa. "Kwa hiyo nilichelewa kweli, Mama Inosenti. Ningemwita siku ile ile, hata kama angenifokea. Nilimwogopa mume wangu kuliko nilivyomwogopa Mungu."

"Na miaka yote hii unatukanwa wewe!"

"Sikuwa namchukia. Nilikuwa naogopa mdomo wangu. Ningemsalimu, angeuliza, ningesema. Na ningesema kwa hasira."

"Lakini leo umeulizwa."

"Leo nilikuwa nimebeba Ekaristi. Ningemwambia kwamba kaka yake hakupokea kwa sababu yake, angefungua kinywa? Namfahamu. Angekufa amekifunga."

Basi, Sabina hakufa. Namshukuru Mungu, naandika hivyo kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Germana alimpelekea uji kila asubuhi, na baridi ilipokwisha Sabina alikuwa anatembea na fimbo akieleza kila nyumba jinsi alivyomsamehe wifi yake. Alieleza kwenye sala ya jumuiya, na Germana yuko hapo hapo. "Aliniomba msamaha mwenyewe," alisema, "nami kama Mkristo nikamsamehe, ingawa ni kaka yangu aliyepotea." Watu wakampigia vigelegele. Germana akasema, "Asante, wifi." Nilifungua mdomo, na Germana akanikanyaga mguu, akakanyaga kweli, na ana viatu vya shambani.

Nilimfokea nje. "Mwambie!"

"Ili iweje?"

"Ili ajue!"

"Ajue, halafu akae benchi mpaka afe?" Alikuwa anatembea tayari. "Nimeongea na Padre kwenye kitubio. Wewe usinisaidie."

Jumapili iliyofuata kulikuwa na foleni mbili za komunyo, ya Padre Leonce na ya Germana. Sabina alikuwa kwenye ile ya padre, akaiacha kwa makusudi, akaja na fimbo yake kwenye ya wifi yake ili kanisa zima lione. Akaingia mbele yangu. "Mwili wa Kristo," alisema Germana. "Amina!" alisema Sabina, na nadhani walisikia mpaka getini.

Akaondoka, nikabaki mimi. Germana aliinua Hostia mbele ya macho yangu na kusema yale maneno. Nilikuwa na hasira, na nilijua kabisa nikisema Amina nimempokea pia yule aliyetoka kukomunika sasa hivi, anayerudi kwenye benchi lake huku anavuta kamasi. Watu nyuma yangu walianza kusogea. Germana, ambaye hajui kusubiri, alisubiri. Hakushusha mkono, hakunihimiza, na macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala.

Nikasema Amina. Niliisema kwa taabu, na nilikula polepole.